Chumvi ndo inaamua: jinsi DNA inavyoshindiliwa ndani ya kirusi

Kidato cha tatu tunawafundisha watoto kwamba ukiandika mlinganyo wa ioni, zile ioni ambazo hazijabadilika unazifuta pande zote mbili, sodiamu kwaheri, potasiamu kwaheri, hizo ni watazamaji tu. Na mimi nafundisha hivo hivo hapa Bagamoyo, kwenye mtihani ndo inavyotakiwa na asiyezifuta anakosa maksi. Lakini jamani kuna sehemu ambayo hizo hizo ioni tunazozifuta ndo zinaamua kama kazi itaisha au itakwama njiani, na sehemu yenyewe ni ndogo kuliko unavyoweza kuwaza, ni ndani ya kichwa cha kirusi. Nimekuwa nasoma habari hizi kila nikipata bando na nafasi, na kwa Kiswahili sijaona mtu kaziandika kwa kirefu, kwa hiyo leo naziandika mimi, kaa vizuri maana ni ndefu.

Virusi ninaowaongelea ni wale wanaoshambulia bakteria, wanaitwa bakteriofaji au kwa kifupi faji. Havina shida na binadamu. Faji nyingi zina kichwa cha protini na mkia, na ndani ya kichwa kuna DNA tupu. Hapo kwenye "tupu" pazingatie. Kwenye seli zetu sisi DNA ina urefu wa karibu mita 2 kwa seli moja, ila inazungushiwa kwenye protini zinaitwa histoni ambazo zina chaji chanya, kwa hiyo inakaa kwa adabu. Faji hizi hazina histoni. Kichwa kinaundwa kwanza kikiwa kitupu, alafu kwenye kona moja kuna tundu, na kwenye tundu kuna mota ya protini inayokula ATP (ile molekuli ya nishati ya seli) na kusukuma DNA ndani hatua kwa hatua mpaka iishe.

Sasa ukubwa. Chukua faji inaitwa lambda, hii inakula bakteria wa tumboni E. coli. DNA yake ina jozi za besi 48,502, ukiinyoosha ni kama maikromita 16.5, na kichwa chake kina upana wa nanomita 60 hivi. Namba kama hizi hazikwambii kitu mpaka uzikuze, basi zikuze mara milioni moja: DNA inakuwa mshipi wa kuvulia wenye unene wa milimita 2, urefu wake mita 16 na nusu, na kichwa kinakuwa na upana wa sentimita 6, yaani chungwa dogo la Muheza. Mshipi wote huo uingie kwenye hilo chungwa. Na wala si mshipi laini, maana DNA ni ngumu kuikunja, kwa kipimo hicho hicho cha kukuza inakataa kupinda ndani ya sentimita 5, na chungwa lenyewe ni sentimita 6, kwa hiyo kila mzunguko unaouingiza unataka kufyatuka. Ukipiga hesabu ya ujazo utakuta mshipi peke yake unakula karibu nusu ya nafasi yote, nusu iliyobaki ni maji na ioni.

Ugumu wa kukunja ni tatizo la kwanza na kwa kweli ndo dogo. Tatizo kubwa ni chaji. Kila jozi ya besi ina fosfeti mbili na kila fosfeti ina chaji hasi moja, kwa hiyo lambda moja inaingiza chaji hasi 97,004 kwenye kichumba cha nanomita 60. Hasi na hasi zinasukumana, hilo halina mjadala. Na humo ndani nyuzi zinalala sambamba zikiwa zimeachana kama nanomita 2.5 kutoka katikati ya uzi mmoja mpaka katikati ya mwingine, na unene wa uzi wenyewe ni nanomita 2, kwa hiyo kati ya uzi na uzi inabaki nusu nanomita. Nusu nanomita ni nafasi ya molekuli mbili hivi za maji. Kwenye mwanya huo ndo ioni chanya zinatakiwa zikae zitulize ugomvi wa hasi elfu tisini na saba.

Ioni zinaingiaje? Ganda la protini lina vitundu vidogo ambavyo maji na ioni vinapita bila wasiwasi, DNA ndo haiwezi kupita. Kwa hiyo chochote kilichoyeyuka kwenye maji nje ya ganda, iwe sodiamu, potasiamu, magnesiamu au vitu vikubwa zaidi, kinaweza kuingia na kugombania kukaa karibu na DNA. Na wanagombania kweli. Mwenye chaji nyingi anashinda. Sodiamu ina chaji moja, magnesiamu mbili, alafu kuna molekuli inaitwa spemidini yenye chaji tatu na dada yake spemini yenye nne, na spemidini imo kwenye viumbe hai karibu wote. Spemini ina historia ndefu, fuwele zake Leeuwenhoek wa Uholanzi alishaziona kwenye shahawa mwaka 1678 kwa hadubini yake ya kujitengenezea, miaka mingi kabla mtu yeyote hajajua DNA ni nini.

Mwaka 1969 Gerald Manning wa Marekani alipiga hesabu nzuri sana ambayo mpaka leo inatumika. Alisema ukiwa na uzi mrefu wenye chaji zilizobanana kupita kiasi, ioni zenye chaji ya kinyume zinavutwa na kung'ang'ania pale pale juu ya uzi mpaka ubanano upungue kufikia kiwango fulani, yaani maji yenyewe yanaweka kikomo cha chaji zinazoweza kukaa wazi. DNA ina chaji moja kila nanomita 0.17, na kikomo kwenye maji ni kama moja kila nanomita 0.7. Ukiweka namba hizo kwenye hesabu yake unapata kwamba kwenye maji yenye sodiamu tu, asilimia 76 hivi ya chaji za DNA zinafunikwa. Kwenye magnesiamu tupu zinafika 88. Kwenye ioni za chaji tatu zinapita 90 kidogo. Zishike hizi namba tatu, 76, 88 na tisini na kitu, maana stori nzima imekaa humo.

Kabla sijaendelea, wa Bagamoyo wenzangu mtanielewa haraka nikisema magnesiamu tunayo mlangoni. Niliwahi kupeleka wanafunzi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Nunge, mjomba wangu anafanya kazi huko. Watoto wakamwamkia, shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu, akawapeleka mpaka kwenye jaruba la mwisho ambalo chumvi ilikuwa imeshaganda chini na juu yake kuna maji kidogo yaliyobaki, mazito hivi ukiyaangalia, yanakwenda polepole ukiyatikisa. Akachovya kidole akampa mmoja aonje na yeye. Mtoto akakunja uso. Mjomba akasema, "Haya si ya chumvi tena wanangu, haya machungu. Ukiyaacha yakaukie humu chumvi yote inakuwa chungu na inalowa hata uianike vipi, kwa hiyo tunayafungulia yarudi baharini." Hayo maji machungu ni magnesiamu. Maji ya bahari yanapokauka kalsiamu inatangulia kuganda kama jasi, inafuata sodiamu ambayo ndo chumvi yetu ya mezani, na magnesiamu inabaki kwenye maji mpaka mwisho kwa sababu inashikana na maji kwa nguvu sana. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 10.8 hivi za sodiamu na gramu 1.3 za magnesiamu.

Na hayo maji ya bahari yamejaa virusi. Mwaka 1989 watafiti wa Norway walihesabu kwa hadubini ya elektroni wakakuta virusi vinaweza kufika mpaka milioni 10 na zaidi kwa mililita moja, na wengi wao ni faji. Kwa hiyo ukioga pale ufukweni umezungukwa na vichwa vya DNA iliyoshindiliwa, na vyote vinaishi kwenye mchanganyiko wa sodiamu na magnesiamu, muda wote. Watoto walivyosikia hivo waliniuliza maswali mpaka kwenye daladala wakati wa kurudi.

Haya turudi. Ukichukua DNA ndefu ukaiweka kwenye maji safi kwenye tyubu, inasambaa yenyewe, inaelea imelegea. Ukiongeza sodiamu inalegea kidogo zaidi ila haijikusanyi. Ukiongeza magnesiamu, asilimia 88, bado haijikusanyi. Ukidondosha spemidini ya kutosha ghafla DNA inajikunja yenyewe na kutengeneza pete nene yenye upana wa karibu nanomita 100, hii waliionyesha Gosule na Schellman mwaka 1976, na miaka mitatu baadae Wilson na Bloomfield wakaonyesha kwamba kinachotakiwa ni chaji kama asilimia 90 zifunikwe, bila kujali umetumia ioni gani kufika hapo. Sasa unaona kwa nini magnesiamu inashindwa kwenye maji ya kawaida, imeishia 88. Asilimia mbili tu.

Na kinachotokea pale asilimia 90 kinashangaza kwa sababu DNA haiishii kuacha kusukumana, inaanza kuvutana. Vitu viwili vyenye chaji hasi vinavutana! Ioni ya chaji tatu ikikaa kwenye mwanya kati ya nyuzi mbili inavutwa na huku na huku, na zikiwa nyingi zinajipanga kwa kupishana, chanya ya uzi huu inatazamana na hasi ya uzi ule, basi nyuzi zinashikana. Ioni ya chaji moja haiwezi kufanya hivo kwa sababu inahamahama sana, haitulii.

Kwa hiyo wataalamu wengi wa nadharia walifikiri hivi, na ukiwafuata unaona wako sahihi kabisa: kama kusukumana kwa chaji ndo kunaisumbua mota, basi ukiweka ioni za kutosha mpaka DNA ianze kuvutana yenyewe, kazi ya kushindilia itakuwa rahisi, DNA itajikunja ndani kwa furaha na mota itateleza tu. Hesabu za kompyuta zilisema hivo.

Kupima sasa. Mwaka 2001 Douglas Smith, Carlos Bustamante na wenzao huko Berkeley walitumia faji nyingine ndogo inaitwa phi29, DNA yake ni maikromita 6.6 na kichwa chake ni nanomita 42 kwa 54. Walichofanya ni kushika kichwa kimoja cha faji kwenye shanga ndogo ya plastiki, ncha ya DNA kwenye shanga ya pili, alafu shanga moja wakaishikilia kwa mwanga wa leza. Leza iliyokazwa vizuri inaweza kunasa kishanga kidogo na kukishikilia, na kikivutwa unajua kimevutwa kwa nguvu kiasi gani. Wakaweka ATP. Mota ikaanza kumeza DNA, shanga zikaanza kusogeleana, na wao wanaangalia kwenye skrini mota moja tu ya kirusi kimoja ikifanya kazi. Mwanzoni inakwenda kama jozi 100 kwa sekunde, kichwa kikifika nusu inaanza kupungua mwendo, mwishoni inatambaa. Na nguvu yake inaweza kufika pikonyutoni 57 (pikonyutoni ni nyutoni moja uigawe kwa trilioni), kati ya mota zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kupimwa kwenye seli wakati huo. Walikadiria kwamba mwisho wa kushindilia presha ndani ya kichwa inafika karibu megapasko 6, yaani kama atmosfia 60.

Baadae Smith akahamia San Diego na mwaka 2007 yeye na kundi lake wakafanya lile jaribio la ioni ambalo ndo lilinivuta mimi. Mota ile ile, DNA ile ile, wanabadilisha chumvi tu. Wakaondoa kabisa magnesiamu huru, mota haikuwaka, hata kuanza haikuanza. Hii ina maana magnesiamu ina kazi mbili, moja ni ya mota yenyewe na ya pili ni ya DNA, kwa hiyo ilibidi wapime kwa ujanja kutenganisha ipi ni ipi, na walitenganisha. Sodiamu mota inaweza kuishi bila hiyo, ila ikiwepo mota inakimbia mpaka asilimia 50 zaidi pale ambapo mzigo ni mdogo. Alafu wakaangalia upinzani wa DNA iliyoko ndani. Magnesiamu ikiwa ndo ioni kuu upinzani ni mdogo. Sodiamu ikiwa ndo ioni kuu upinzani unapanda mpaka asilimia 80 zaidi na mota inashindwa kumaliza, inaingiza asilimia 90 tu ya DNA na kukwama hapo. Fikiria hilo, kirusi kimebakiza asilimia 10 ya DNA yake nje kwa sababu tu ya aina ya chumvi iliyoko kwenye maji. Zile 76 na 88 za Manning unaziona hapa zikifanya kazi kwa macho.

Mpaka hapo nadharia ilikuwa inakwenda vizuri isipokuwa jambo moja, nguvu walizopima zilikuwa kubwa mpaka mara sita ya zile zilizotabiriwa. Mara sita si kitu cha kupuuza. Hizo hesabu zilichukulia kwamba DNA inajizungusha ndani kwa mpangilio mzuri, mzunguko juu ya mzunguko, kila uzi mahali pake. Tofauti hiyo ilikuwa inasema kuna kitu humo ndani hakiko kwenye mpangilio.

Mwaka 2014 wakaweka spemidini. Hapa ndo penye utamu wote kwangu, hii sehemu nimeisoma mara nyingi. Kwanza wakaonyesha kwamba kupunguza kusukumana kwa ioni za kawaida kunaongeza mwendo, sawa, kama ilivyotarajiwa. Alafu wakaongeza spemidini mpaka DNA ianze kuvutana. Mota chache zikaongeza mwendo kama nadharia ilivyosema. Nyingi zikapungua mwendo, zikawa zinasita, zinasimama, nyingine zikakwama kabisa, na kila moja kwa namna yake, hakuna mbili zinazofanana. DNA inayovutana inashikana pale pale inapogusana, haisubiri kupangwa, uzi unaoingia unakuta mwenzake umekatiza njia wanang'ang'aniana hapo, na mota huku nyuma inaendelea kusukuma mzigo ambao umeshajifunga. Wakaandika wazi kwamba kusukumana kunasaidia kushindilia, japo kwenye karatasi kunaongeza nishati inayotakiwa.

Mimi hii imenigusa sana kwa sababu inageuza swali lenyewe. Tulikuwa tunauliza mota inashindaje ule msukumano wa chaji, kumbe ule msukumano ndo unaziacha nyuzi ziteleze, zipitane, zitafute nafasi. Ukiuondoa kidogo unapunguza mzigo wa mota, ukiuondoa wote unaua utelezi. Kwa hiyo kirusi kinahitaji kukaa katikati, ioni za kutosha kupunguza presha lakini zisifike pale ambapo DNA inaanza kunata. Na bakteria wenyewe wana spemidini na putresini (ndugu yake mwenye chaji mbili) nyingi tu ndani yao, ila sehemu kubwa ya spemidini imeshikwa na RNA, kwa hiyo inayobaki huru ni kidogo. Mwaka 1960 Ames na Dubin walishaonyesha kwamba faji kama T4 zinatoka na spemidini na putresini ndani ya vichwa vyao, zikiwa zimefunika sehemu kubwa ya chaji za DNA, yaani kirusi kinaondoka na chumvi za mwenyeji wake.

Mwaka huo huo 2014 kundi hilo hilo wakatoa kitu kingine. Wakasimamisha mota katikati ya kazi, wakaipumzisha, wakaiwasha tena. Baada ya kupumzika ikaenda haraka zaidi kuliko kabla. Maana yake DNA iliyoko ndani ilikuwa imekaa vibaya na wakati wa mapumziko ikajipanga. Na kujipanga huko kunachukua zaidi ya dakika 10, mara 60,000 ya muda ambao DNA ya urefu huo ingechukua ikiwa huru. Kazi nzima ya kushindilia phi29 ni dakika tano au sita tu. Kwa hiyo DNA haipati hata nafasi ya kutulia, kichwa kinajazwa haraka kuliko uzi unavyoweza kujipanga, na hapo unaelewa ile mara sita ilitoka wapi.

Upande wa kutoka nitaupitia kwa haraka. Presha ile yote inatumika siku faji inapokutana na bakteria, mkia unashika, mlango unafunguka, DNA inafyatuka kuingia. Mwaka 2003 Evilevitch, Gelbart, Knobler na wenzao kule Los Angeles walichukua lambda wakazifungua kwa protini ile ambayo lambda inaitumia kushika E. coli, ila kwenye maji yenye polima nyingi zinazokandamiza kutoka nje, wakawa wanaongeza kidogo kidogo mpaka DNA ikagoma kutoka. Iligoma kabisa kwenye atmosfia 20 hivi. Na hapa pia chumvi inatawala, magnesiamu inapunguza presha na kasi ya kutoka ukilinganisha na sodiamu. Leforestier na Livolant wa Ufaransa mwaka 2009 walifungua faji T5 kwenye spemini na wakagandisha haraka wakaangalia ndani kwa hadubini ya elektroni, wakakuta vichwa ambavyo DNA imebaki humo imejikunja kuwa pete, ile pete ya kwenye tyubu, imeshikana na haitaki kutoka.

Kuna ushahidi mwingine wa zamani ambao naupenda kwa sababu hautaki leza wala mashine ya gharama. Wanaofanya kazi maabara za hospitali wanaijua EDTA, ipo kwenye zile chupa za damu zenye mfuniko wa zambarau, inakamata kalsiamu ili damu isigande. Inakamata magnesiamu pia. Mwaka 1971 Parkinson na Huskey walichukua lambda wakaziweka kwenye vitu vinavyonyang'anya magnesiamu namna hiyo. Lambda zenye DNA kamili zikapasuka. Zile ambazo kwa bahati zilikuwa zimepoteza kipande cha DNA, yaani ndani kuna nafasi kidogo, zikabaki hai. Njia hiyo ikawa ndo ya kuchambua lambda zenye DNA fupi, unamwaga EDTA wanaobaki ndo unaowataka. Bila magnesiamu hasi zinasukumana kwa nguvu zote na ganda linashindwa kuvumilia, ukiwa na DNA pungufu unavumilia.

Kwa hiyo wewe unayesoma hii na unafanya kazi na faji, au unataka kuanza, na najua wapo vijana wanaanza maana bakteria sugu wa dawa wametujaa na watu wanatafuta faji za kuwaua, usizihifadhi kwenye maji matupu. Maji ya kuhifadhia faji yanayotumika maabara dunia nzima yana magnesiamu salfeti milimola 8 pamoja na chumvi ya kawaida, na ile magnesiamu ipo kwa sababu hii niliyoieleza. Na ukizitoa kwenye chumvi nyingi usizimwage ghafla kwenye maji baridi matupu, faji za jamii ya T4 zinapasuka, hilo Thomas Anderson alishaliona tangu miaka ya 1940. Punguza chumvi taratibu.

Na habari haiishii kwenye bakteria. Virusi vya hepesi, wakiwemo wale wa vidonda vya mdomoni, wanashindilia DNA yao kwa mota ya namna hiyo hiyo kwenye ganda tupu, jozi kama 152,000, na mwaka 1971 Gibson na Roizman walikuta ganda lao lina spemini ndani. Mwaka 2013 kundi la Evilevitch lilipima presha yao ikaja karibu atmosfia 20, sawa na lambda, japo mmoja anamuumiza binadamu na mwingine anakula bakteria. Dawa ya kukaba mota ya aina hii tayari ipo, inaitwa letermovir, Marekani waliipitisha mwaka 2017 kwa ajili ya kirusi cha CMV ambacho ni ndugu wa hepesi, wanapewa watu waliopandikizwa uboho. Na mwaka 2020 Evilevitch na wenzake wakapendekeza kulenga presha yenyewe, yaani kutafuta kitu kitakachoituliza DNA ndani ya ganda la hepesi ishindwe kutoka hata kirusi kikifika mlangoni kwenye kiini cha seli. Hiyo ndo kazi ninayoifuatilia kwa sasa, na wanafunzi wangu wanaokwenda kidato cha tano na kemia na baiolojia nimeshawaambia waifuatilie na wao.